Kadi za Viazi Vikubwa Kuliko Gari: Mzaha Wenye Funzo kwa Mlinzi wa Usalama

Huko Kinindo, kusini ya jiji la Bujumbura, hapana kitu kinachokua upesi kama habari iliyotoka ziwani. Samaki aliyevuliwa alfajiri akiwa na urefu wa mkono, ifikapo adhuhuri huwa na urefu wa mtu, na jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo huwa amekwisha kuvunja mtumbwi na kumeza wavu. Waswahili wana jina la jambo hili. Huliita kupiga chuku, na wengine husema kutia chumvi. Nayo si kosa la jinai: hatujapata kusikia mvuvi aliyefikishwa mahakamani kwa shtaka la kumrefusha samaki.

Lakini palikuwa na zama ambapo chuku ilitoka kinywani ikaingia katika picha, ikatiwa stempu, ikasafirishwa na posta kama barua yoyote ya halali. Tumeona yafaa kuwasimulia ndugu zetu askari jeshi na askari polisi habari za kadi hizo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba zinachekesha, na mtu aliyetoka zamu ya usiku ana haki ya kucheka. Ya pili ni kwamba yeyote mwenye kazi ya kutazama, kupima na kuandika taarifa, atajifunza mengi kwa kujua jinsi kitu kidogo kinavyofanywa kikubwa mbele ya macho ya watu wenye akili timamu.

CHUKU YAPATA STEMPU

Mwaka 1898 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowaruhusu wachapaji binafsi kutengeneza kadi za posta na kuzituma kwa senti moja, sawa na zile za serikali. Hata hivyo upande mmoja wa kadi ulitengwa kwa anwani peke yake, na mwandishi ilimbidi abane salamu zake ukingoni mwa picha. Tarehe 1 Machi 1907 idara ya posta ilikubali upande wa anwani ugawanywe sehemu mbili: kulia anwani, kushoto maneno. Tangu hapo picha ikapata uso mzima wa kadi. Wakati huo kampuni ya Kodak ilikuwa imekwisha kutoa karatasi ya picha yenye kipimo cha kadi pamoja na kamera ya kuendana nayo, hata mpiga picha wa mji mdogo akaweza kuchapa kadi zake mwenyewe dukani kwake.

Basi kadi zikafurika. Katika mwaka mmoja wa hesabu za posta uliomalizika Juni 1908, kadi zaidi ya milioni 670 zilipita mikononi mwa matarishi wa Marekani, ilhali watu wote wa nchi hiyo, wazee kwa watoto, hawakufika milioni 90.

Katika furiko hilo ndimo zilimozaliwa kadi za chuku. Aliyejulikana zaidi kwa ufundi huo ni William H. Martin wa mji wa Ottawa, katika jimbo la Kansas. Msomaji asichanganye Ottawa hii na mji mkuu wa Kanada. Hii ni Ottawa ndogo ya wakulima. Martin alikuwa na studio ya kupiga picha za harusi na za familia, na kuanzia mwaka 1908 hivi akaanza kutoa picha za ajabu: gari la farasi limebeba suke moja tu la mahindi, nalo limejaa pomoni, vitunguu ambavyo kila kimoja kinahitaji wanaume wa kukisukuma, viazi vinavyozidi ukubwa wa gari, sungura mkubwa kama ng'ombe anayefukuzwa na watu waliopanda motokaa. Kadi zikanunuliwa kwa wingi, na mwaka 1912 Martin akaiuza biashara hiyo.

Hakuwa peke yake. Huko Waupun, katika jimbo la Wisconsin, Alfred Stanley Johnson alitengeneza picha za wavuvi wanaopambana na samaki wakubwa kuliko mashua zao. Na miaka mingi baadaye, mwaka 1935, kundi kubwa la panzi liliposhuka katika mji wa Garden City, Kansas, Frank D. Conard alichukua mzaha mahali watu wengine walipoona msiba. Akatoa kadi za panzi wa kimo cha farasi, mtu mmoja amempanda kama kipando, mwingine anamfunga kamba, mwingine anamlenga kwa bunduki.

MKASI, GUNDI NA KIVULI

Ufundi wenyewe haukuwa uchawi. Mpiga picha alipiga picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya watu na gari, wamesimama kama wanaobeba mzigo mzito ambao haupo. Ya pili ilikuwa ya kiazi au suke, kamera ikisogezwa karibu sana hata kitu kikajaa sahani nzima. Kisha alichapa picha zote mbili, akakikata kile kiazi kwa mkasi au wembe, akakibandika juu ya picha ya gari, akapaka rangi kidogo kwa brashi ili kuficha kingo, na hatimaye akaipiga picha upya ile kazi nzima. Kilichotoka kilikuwa picha moja isiyoonyesha gundi wala mshono.

Fundi hodari alitambulikana kwa mambo matatu. La kwanza ni mwanga: kama jua linawapiga watu kutoka kushoto, hapana budi limpige na panzi kutoka kushoto. La pili ni kivuli: kitu kizito kisichoangusha kivuli huonekana kinaelea. La tatu ni kingo: mahali kitu kilichobandikwa kinapokutana na mkono wa mtu au ubao wa gari, ndipo uongo unapopumulia. Ukitaka kuichunguza kadi ya namna hiyo, acha kutazama katikati yake. Katikati pamepambwa ili pakuvute. Tazama vidole vya yule anayebeba.

Palikuwa na njia nyingine isiyohitaji hata mkasi. Kitu huwekwa karibu na kamera, na mtu huwekwa mbali nyuma yake. Kamera haina macho mawili kama binadamu, haijui umbali. Kilicho karibu hukiona kikubwa na kilicho mbali hukiona kidogo, nayo huvibandika vyote katika ukuta mmoja. Mvuvi yeyote anayenyoosha mikono yake mbele na kumsukuma samaki kuelekea kamera, ilhali yeye mwenyewe amejivuta nyuma, amekwisha kuhitimu katika chuo cha akina Martin bila kujua.

MKULIMA ANAPOJICHEKA MWENYEWE

Mtu aweza kuuliza: Je, wanunuzi wa kadi hizo walikuwa wajinga? La hasha. Walikuwa wakulima waliolijua suke la mahindi kuliko mtu yeyote. Kwa sheria ya mwaka 1862, serikali ya Marekani iliwagawia walowezi viwanja vya ekari 160, yaani hekta 65 hivi, katika nyanda za magharibi. Wenye kampuni za reli na mawakala wa ardhi wakazisifu nyanda hizo kupita kiasi, wakiwaahidi watu rutuba isiyokwisha. Walowezi walipofika walikuta pia ukame, upepo, na nzige. Mwaka 1874 nzige walikula mimea ya Kansas na majimbo ya jirani hata watu wakahitaji kupelekewa misaada ya chakula.

Kadi za chuku zilikuwa jibu la watu hao. Ndani yake mlikuwa na majivuno kidogo, kwa maana mavuno yalipokuwa mazuri yalikuwa mazuri kweli. Na ndani yake mlikuwa na kejeli pia: mkulima anacheka ahadi alizopewa, naye anajicheka mwenyewe aliyeziamini. Hata wachapaji walishiriki kejeli hiyo. Picha ileile iliweza kuuzwa katika miji mingi, ikibadilishwa jina la mji tu, na kila mji ukadai kwamba viazi hivyo ni vyake.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Kadi ya chuku haikumdanganya mtu, maana ilibeba kipimo chake ndani yake. Kando ya kile kiazi palisimama mtu, na kila mmoja wetu anajua kimo cha mtu. Macho yalipima, akili ikakataa, kinywa kikacheka. Bila yule mtu, kiazi kingekuwa kiazi tu. Kwa maneno mengine, kilichoifanya kadi iwe mzaha ndicho kilichoifanya iwe ya kweli: kipimo kiliachwa wazi mbele ya macho ya wote.

Wazee wetu wa pwani walikuwa wakifanya vivyo hivyo kwa maneno. Masimulizi ya Fumo Liyongo, shujaa wa Pate, ambayo Edward Steere aliyachapisha London katika hadithi zake za Kiswahili mwaka 1870 na ambayo Muhammad Kijuma aliyatungia utenzi mwanzoni mwa karne ya 20, yanamfanya shujaa huyo kuwa jitu, na mkoba wake mmoja unatoshea vinu na michi. Msikilizaji hakwenda kuutafuta mkoba. Vinu na michi ndivyo vilivyokuwa kipimo: kila aliyekaa jikoni anajua uzito wake.

MAMBA WA RUSIZI

Sasa turudi kwetu, kwenye maji tunayoyajua. Kuna mamba mmoja wa Mto Rusizi na wa pwani ya Tanganyika ambaye sifa zake zimevuka bahari. Patrice Faye, Mfaransa mpenda wanyama aliyeishi Burundi kwa miaka mingi, ndiye aliyempa jina la Gustave. Ulijengwa mtego mkubwa wa chuma, wataalamu wakaja, na juhudi za kumnasa zikatengenezewa filamu iliyoonyeshwa mwaka 2004. Mamba hakuingia mtegoni. Mwaka 2007 huko Marekani ilitoka filamu nyingine, Primeval, ya kubuni, nayo ikamfanya kuwa zimwi la dunia nzima.

Je, Gustave alikuwa na urefu gani? Wengi walisema zaidi ya mita 6. Wengine waliongeza. Walimhesabia watu mia tatu aliowala. Walimpa umri wa miaka mia, kisha wataalamu wakaupunguza kwa sababu meno yake yalionekana kuwa bado kamili. Jambo moja ni hakika: hakuna aliyepata kunyoosha kamba ya kupimia kutoka puani hadi mkiani mwake. Picha zake ni za mnyama ndani ya maji au juu ya mchanga, hana mtu kando yake, hana mtumbwi, hana chochote ambacho kimo chake kinajulikana. Tukumbuke kwamba mamba Lolong, aliyenaswa Ufilipino mwaka 2011 na kupimwa kwa utaratibu, alikuwa na mita 6.17, naye ni wa jamii ya mamba wa maji ya chumvi, ambao ni wakubwa kuliko wale wa kwetu. Mamba wa Afrika walio wengi hawafiki mita 5.

Hatusemi kwamba Gustave alikuwa mdogo, wala hatuwadharau waliofiwa. Mamba wa mita 4 tu anatosha kabisa kumwangamiza mtu anayeoga au kutega nyavu. Tunasema kwamba Gustave ni kadi ya chuku ambayo kipimo chake kimeondolewa, na kipimo kikiondolewa, kicheko hubadilika kuwa hofu.

Lakini msomaji asije akadhani kwamba kila kinachoonekana kikubwa ni uongo. Viboko wa Tanganyika hutoka majini usiku kula majani, na katika mitaa ya ufukweni ya Bujumbura wamekwisha kuonekana wakipita barabarani, mnyama wa zaidi ya tani moja na nusu akitembea taratibu juu ya lami, katikati ya kuta na malango. Picha ya namna hiyo ingetumwa Kansas mwaka 1910, watu wangesifu mkasi wa Bwana Martin. Vivyo hivyo mwaka 2021 na tena mwaka 2024, maji ya ziwa yalipopanda na kuingia makwao watu, mitumbwi ilionekana mahali ambapo jana yake zilipita gari. Hayo yalikuwa kweli tupu. Kwa hiyo anayekataa kila kitu hana nafuu kumzidi anayekubali kila kitu. Wote wawili wamekwepa kazi ya kupima.

MIZINGA YA MITI

Ziwa letu lina kisa kingine kinachomhusu askari kwa karibu zaidi. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walileta mashua mbili ndogo za injini, zilizoitwa Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, na kutoka huko kwa reli, kwa njia ya porini na kwa mto, mpaka zikafika Ziwa Tanganyika. Kamanda wao alikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Ulikuwa ushindi wa haki.

Mwezi Juni 1916 kamanda huyohuyo alifika na mashua zake mbele ya ngome ya Kijerumani ya Bismarckburg, mahali panapoitwa leo Kasanga, kusini ya ziwa, upande wa Tanzania. Juu ya ngome ilionekana mizinga. Kamanda aliona hatari ni kubwa mno, akaondoa mashua zake na kuzipeleka Kituta. Usiku ule Wajerumani wakateremka majini na kutoroka kwa mashua zao. Ngome ilipotwaliwa, ikagunduliwa kwamba mizinga iliyozuia kikosi kizima ilikuwa ya miti.

Gogo lililochongwa na kupakwa rangi ni kadi ya chuku isiyocheka. Kwa mbali, bila kipimo, gogo ni mzinga. Na si lazima chuku iwe ya kuongeza. Kabla ya mapigano ya El Alamein, mwezi Oktoba 1942, Waingereza walivifunika vifaru vyao kwa mifuniko iliyowafanya waonekane malori ya kawaida, na mahali pengine wakasimamisha vifaru vya bandia. Adui akaona mengi pasipo na kitu, na akaona machache palipokuwa na nguvu. Askari anayefundishwa kupima hufundishwa pande zote mbili: asikuze kilicho kidogo, wala asipunguze kilicho kikubwa.

WATU WALIOREFUSHWA

Yote hayo tuliyoyataja yalihusu viazi, mamba na mizinga. Lakini iko chuku moja ya picha iliyowahusu watu wa nchi zetu, nayo hatuwezi kuipita kwa kicheko.

Mwaka 1907 Adolf Friedrich, mwana wa watawala wa Mecklenburg wa Ujerumani, alipita Rwanda na msafara wake. Katika ua wa Mwami Musinga aliwaona vijana wakiruka juu kwa ustadi wa ajabu. Ilipigwa picha iliyoenea duniani: mrukaji yuko hewani, juu ya kamba, na chini yake wamesimama wazungu wawili, vichwa vyao havimfikii. Iliandikwa kwamba aliruka mita 2.50, ilhali rekodi ya dunia wakati ule haikufika mita 2. Picha hiyo haikughushiwa. Vijana waliruka kweli, na ustadi wao ni wa kujivunia. Ila warukaji wa mchezo ule walianza kuruka kutoka juu ya kituta kidogo au jiwe, na kituta hicho aghalabu kiliachwa nje ya maelezo. Kipimo cha juu kilitangazwa. Kipimo cha chini kilisahauliwa.

Tangu hapo kadi, vitabu na mabango ya watalii yakajaa picha za majitu ya Ruanda-Urundi. Mpiga picha alimchagua mtu aliye mrefu kuliko wenzake wote, akapiga magoti, akaielekeza kamera juu, na mtu huyo akawa mnara. Mwaka 1950 filamu ya Kimarekani ya Migodi ya Mfalme Sulemani iliwaonyesha watu hao kama majitu ya hadithi. Pembeni ya wapiga picha walikuwapo wataalamu wa kikoloni waliopima vimo, vichwa na pua, wakazichukua tofauti za kawaida, zile zinazopatikana hata kati ya ndugu wa tumbo moja, wakazikuza kama Martin alivyokuza viazi. Tofauti yao na Martin ni hii: wao hawakucheka, na walitaka waaminiwe.

Wakaaminiwa. Jirani aliyekuwa jirani akafanywa kuwa jitu, au akafanywa kuwa mdogo mno asiyestahili kuhesabiwa. Sote tunajua gharama ya hesabu hiyo. Huko Rwanda redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, ilimkuza jirani hadi akawa zimwi, na Desemba 2003 mahakama ya kimataifa mjini Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili. Kwetu Burundi, miaka ya 1972, 1988 na 1993 ina makaburi yake katika kila tarafa, na mara nyingi uvumi ulitangulia moshi. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, na jeshi la taifa lililoundwa baada yake, ambamo waliopigana jana walilala bweni moja na kula sahani moja, vilikuwa pia kazi ya kurudisha kipimo. Mtu akilala kitanda cha jirani yako kwa miezi sita, utajua kimo chake halisi: ni kama wewe, anakoroma kama wewe.

RULA YA ASKARI

Kazi yetu, ndugu wasomaji, inatupa kipimo ambacho raia wengi hawana. Mpiga mizinga hujifunza mapema kwamba kitu cha upana wa mita 1 kilichoko mita 1,000 mbele yake hufunika sehemu moja ya elfu ya umbali huo. Askari wa miguu anaweza kufanya hesabu hiyo kwa kidole: ukinyoosha mkono, kidole kimoja hufunika takriban mita 30 katika umbali wa mita 1,000, yaani mita 3 katika umbali wa mita 100. Mtu wa kawaida ana mita 1.70 hivi, na kwa kimo hicho umbali hukisiwa. Polisi naye, anapopiga picha ya alama ya kiatu mahali pa uhalifu, huweka rula kando yake. Picha isiyo na rula haina ushahidi wa ukubwa.

Siku hizi mkasi wa Martin umo ndani ya simu ya kila mtu. Programu za kompyuta hubandika bila gundi, na zile za akili mnemba huchora mtu, umati au moto ambao haukupata kuwapo. Mwanga unaweza kulingana, kivuli kinaweza kuwa mahali pake, na kingo zisionekane. Kwa hiyo macho peke yake hayatoshi tena. Hapana budi tuulize pia: Nani aliyepiga picha hii? Wapi? Lini? Je, ni ya leo, au ni ya nchi nyingine ya miaka kumi iliyopita, iliyobadilishwa jina la mji kama kadi za viazi? Yuko nani mwingine aliyeliona jambo hilo akiwa amesimama upande wa pili? Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa raia huo ni wasia wa tahadhari. Kwa askari ni mwanzo tu wa uchunguzi, kwa kuwa akichukua hatua juu ya lisilokuwapo, ni yeye mwenyewe anayelileta.

Taarifa ya askari ina maneno matatu ambayo hayapaswi kuchanganywa: nimeona, nimeambiwa, nakadiria. Aliyehesabu watu kumi na wawili aandike kumi na wawili chini ya neno la kwanza. Aliyesimuliwa na mwenye duka kwamba ni mia, aandike mia chini ya neno la pili, pamoja na mahali mwenye duka alipokuwa amesimama. Aliyesikia milio katika giza na kukisia, aandike kisio lake chini ya neno la tatu, na sababu ya kukisia hivyo. Maneno hayo yakichanganywa, watu kumi na wawili waliotoka msibani huwa kikosi cha mia kabla taarifa haijafika makao makuu, na kikosi cha mia hutumiwa risasi.

Hatuwaombi wasomaji wetu waache chuku. Wavuvi wa ziwa na waendelee kuwarefusha samaki wao, na kantini na ziendelee kucheka. Watu wasioweza kujicheka huwa hatari kwao wenyewe na kwa wenzao. Tunaomba tu kwamba palipo na silaha, au amri, au jina la mtu, rula iwekwe kando ya picha. Mtu akikujia mbio na habari ya mamba wa mita 7, usimwite mwongo, wala usikimbie naye. Mwulize alimpimia nini, kisha uchukue kalamu.